Lugembe, Filamu Yako Nimeiona

Lugembe, filamu yako nimeiona.
Nilikaa benchi la nyuma kwa Masalu, Mabatini,
kiingilio mia tano, jenereta likikohoa nje,
na watoto wa darasa la nne, waliolipa nusu,
wakinikanyaga miguu kila mzuka ulipotokea.
Uliniomba nisikuonee haya.
Haya, kaa.

Kwanza, punguza ngoma.
Mlango haujafunguka, ngoma imeshatuambia.
Binti hajapiga kelele, ngoma imeshapiga.
Hofu haipigi hodi, ndugu yangu.
Hofu ni kurudi chumbani
ukakuta kandambili ulizoziacha zikitazama ukuta
zimegeukia kitanda.

Pili, huo mzuka.
Unga wa muhogo usoni, jasho likauchora mifereji,
na mtoto mmoja mbele yangu akauliza kwa sauti,
"Huyo si Malimi, fundi simu?"
Kibanda kizima kikacheka.
Mzuka ukishajulikana jina
ni jirani tu.

Lakini ipo dakika moja,
nadhani hata hukuikusudia:
binti anapanda majabali ya Capri Point,
ziwa nyuma yake limelala kama bati,
na korongo, yule wa jalalani,
mwenye upara na mfuko shingoni,
anaingia pichani kwa miguu yake,
anasimama, anamtazama binti
kama karani anayesubiri sahihi.
Hapo hatukupumua. Nakuapia.
Ukakata!
Siku nyingine bahati ikiingia pichani bila kuitwa
iache isimame.

Sasa, mchawi.
Hapa kalamu iligoma siku tatu.

Bi Ng'washi ameigiza vizuri, mfikishie salamu.
Namjua, muuza dagaa wa Mwaloni;
mgongo ule hakuuigiza, ni wa ndoo.
Na macho umeyapaka vyema, nyekundu iliyoiva,
hata mimi nilisogea nyuma nikagonga ukuta.
Kisha wanakijiji wakaja na mapanga
na watoto wakapanda juu ya mabenchi.
Walipiga makofi, Lugembe.
Wa darasa la nne.

Bibi yangu Nkwimba, wa Magu,
alikuwa na macho hayo bila rangi ya mtu.
Miaka hamsini ya kupuliza moto wa mavi makavu ya ng'ombe,
maana miti ilikwisha kabla mama hajazaliwa,
na moshi ukahamia machoni
kama mpangaji asiyelipa wala haondoki.
Mwaka huo jirani alifiwa na ndama wawili.
Mwezi uliofuata, mtoto.
Usiku mama alimpakia bibi nyuma ya baiskeli,
amemfunika khanga hadi utosini,
wakafika Kisesa kunapambazuka.
Tulimnunulia miwani meusi pale Makoroboi.
Aliivaa sokoni, aliivaa kanisani.
Alilala nayo.

Sikuambii usiandike mchawi.
Nakuuliza tu: mzuka ukipewa jina ni jirani,
na jirani akinyang'anywa jina
anakuwa nini?
Filamu yako ilifika mlangoni pa swali hilo
ikapita mbio, na ngoma juu.

Ipige upya sehemu ya mwisho.
Kamera ibaki ndani, na bibi, kibatari kimezimwa.
Wa nje tusiwaone hata kivuli.
Tusikie mbwa akinyamaza ghafla,
kisha sauti ya jirani, ya adabu,
ile ile ya kuombea kiberiti:
"Hodi, bibi. Umelala?"

Kule juu nimeandika hofu haipigi hodi.
Pafute.

Nyota mbili na nusu.
Hiyo nusu ni ya korongo.