Vishale

Kila Jumapili, baada ya misa ya pili,
Nibaldo Oyarzo alichomeka diski,
akaburuta folda kwa kidole kimoja
kama mtu anayemhamisha paka aliyelala,
akangoja.
Haikuchukua hata pumzi moja.
"Mashine za siku hizi," alisema, "zina mbio."

Hapa Punta Arenas upepo hung'oa mabati,
umeme hukatika katikati ya neno;
ndiyo maana alikuwa na diski tatu.
Moja kwenye droo ya soksi,
moja ndani ya kopo la unga,
ya tatu kwa dada yake Ercira, mtaa wa juu,
chini ya sanamu ya mtakatifu
ambaye hakuna anayekumbuka jina lake.
Juu ya kila moja, kwa wino mzito:
MWISHO.
MWISHO KABISA.
MWISHO WA KWELI, USIFUTE.

Ndani yake: mvua.
Milimita kwa milimita, kila asubuhi saa moja,
tangu mwaka aliofunga duka la matairi.
Theluji, upepo, na siku ambazo kipimo kiliganda
akaandika "sijui", basi.
Madaftari yenyewe yalishikwa na ukungu;
alipomaliza kuyachapa aliyatia jikoni, moja moja,
yakachemsha maji ya kahawa.

Kompyuta ilikufa Agosti, usiku, bila kelele.
Nikaitwa mimi, kijana wa jirani anayejua nyaya.
"Hakuna shida," akaniambia, akinimiminia kikombe,
"akiba haiozi."

Nikafungua ya kwanza. Nikafungua ya pili.
Nikapanda mlima, upepo ukinisukuma kama mdai,
kuichukua ya Ercira.
Kila moja: folda ya manjano, safi,
na pembeni kishale kidogo kilichojikunja.
Kilobaiti mbili.

Ningemwambiaje mtu wa miaka sabini na tisa
kwamba miaka kumi na moja alinakili njia,
si nyumba?
Kwamba alihifadhi, mara tatu, kwa uangalifu,
kidole kinachoonyesha
mahali palipokwisha kufutika?

Nilimwambia hivyo hivyo.
Hakulaani. Aliuliza kishale kiko wapi,
akavaa miwani, akakitazama muda mrefu.
"Nilidhani ni pambo."

Jioni Ercira alikuja na boksi la glasi za harusi
ambazo hakuna aliyewahi kuzinywea.
Kila glasi imeviringishwa karatasi:
Machi, Julai, nusu ya Oktoba,
kurasa alizokuwa akimchapia, akidhani anazisoma.
"Sikusoma hata moja," alisema. "Karatasi nene. Nzuri kwa glasi."
Miezi kumi na tisa, yenye mikunjo.

Tunaichapa upya sasa; yeye anasoma, mimi nagonga.
Nimemfundisha kuifungua nakala akishaiweka,
kuingia ndani, kugusa namba moja, mbili.
Anafanya hivyo kwa mashaka,
kama anayebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe.
Leo saa moja: milimita nne na nusu.
Ameiweka kwenye kompyuta, kwenye diski,
na, niligeuka tu nikamwona,
kwa penseli, ukutani, nyuma ya mlango.