Alifu wa Bondeni

Jina lake Alfred. La babaye hatukuliweza,
lilikwaruza ulimi kama kikapu cha misumari.
Mwalimu wa chuo akalifupisha: Alifu.
Mtazameni, akatwambia sisi watoto,
kasimama wima, hana nukta juu wala chini,
na kama alifu yenyewe kwa kijiti
hashikani na herufi inayomfuata.
Tukacheka. Sikuelewa ila baada ya miaka.

Alishuka Kilindini na homa, mpaka mafuta
katika meli ya ngano itokayo kwao Australia.
Honi ya kuondoka ilipolia alikuwa hospitali,
anatetemeka chini ya blanketi mbili,
na alipopona hakuulizia meli nyingine.
Akapanga chumba nyuma ya duka la babangu,
mlango wa kijani, kitanda cha kamba,
akawa fundi wa cherehani za mtaa mzima,
ujira wake chakula:
leo samaki wa kupaka kwa Bi Mwanakombo,
kesho mkate wa mofa, keshokutwa hana kitu.

Vitani alikuwa nani? Si mtu.
Neno lake hilo, si langu.
Hakuwa na nyota begani, hakuteka mlima.
Tubruku alichimba mashimo, akalala mashimoni,
miezi saba, maji ya chumvi, viroboto,
siagi ya kopo ikinyweka kama chai.
Alikuwa na rafiki, Klem, mkata manyoya ya kondoo,
aliyejua kupiga mbinja za ndege wawili kwa pumzi moja.
Klem alitoka shimoni kufuata birika.
Hapo hadithi hukoma.
Kila mara hukomea kwenye birika.

Siku moja nilimwuliza, ujinga wa utoto.
Kanzu za Idi zilikuwa zasubiriwa,
babangu akikanyaga mbio, ta-ta-ta-ta,
na Alifu mkono umemkakamaa juu ya bisibisi.
Kama mlio huu wakutisha, mbona usiuze viazi?
Alifikiri. Kiswahili chake kilikuwa cha kuazima,
ngeli zote kazitia gunia moja.
Kelele ni ileile, akasema.
Lakini hii ikipita, nyuma inabaki kanzu.

Kila mwaka, Aprili ikielekea mwisho,
mwadhini alimkuta barazani kabla ya alfajiri,
vikombe viwili vya kahawa tungu mbele yake.
Kimoja alikunywa. Cha pili kilingoja,
kikapoa, mvua ya masika ikakijaza.
Mwadhini alimsalimu, akapita.
Mwaka wa sita hakupita. Alikaa.
Kikombe kile hakukigusa, alikaa tu,
na adhana ikachelewa, na watu wakanung'unika.

Nishani zake nne zilikuja kwa posta,
katika kasha la karatasi, kama dawa ya minyoo.
Utepe mmoja aliukata uwe kitanzi cha mfuko wangu wa msahafu.
Chuma chenyewe akampa babangu
kizuie karatasi za vipimo zisipeperuke.
Nusu ya Mombasa imekatiwa suruali
mbele ya mfalme aliyelala kifudifudi.

Alikufa kumi la mwisho la Ramadhani, usingizini.
Padri alichelewa. Mwadhini alishika jeneza
upande wa miguu, hakumwomba mtu ruhusa.
Msidhani cherehani zilinyamaza.
Idi ilikuwa karibu. Tulishona mpaka daku.

Na kila mwaka ilikuja barua kutoka kwao,
juu ya pensheni ya sikio alilozibwa na Tubruku:
mtu mwaminifu na athibitishe kwamba mhusika yu hai.
Babangu ndiye aliyekuwa akitia saini.
Ya mwisho ilifika miezi miwili baada ya mazishi,
na mkono wa babangu ulikuwa umeanza kutetemeka,
akanisukumia mimi.
Yu hai? Tia alama kwenye kisanduku.
Nikashika kalamu, nikaiweka chini.
Feni ilikuwa ikizunguka.
Nikailaza barua mezani,
nikaipachika nishani juu.