Glasi ya Sita

Ijumaa, na lifti imeharibika tena.
Watapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne
wakihema na kulaani, kama kila mwezi,
na wa kwanza kufika atataka kiti kabla ya salamu.

Nimeanza saa nane mchana.
Jibini nimeikata vipande kama dadu,
salami nyembamba, uone kupitia kwake
dirisha zima la Almagro.
Zeituni nimezimwagia mafuta na kitunguu saumu
nikaziacha bakulini zisemezane.
Mkate wa jana nimeuchoma, nikausugua nyanya
hadi ukaona haya.
Biringanya za siki ni za dada yangu Nélida:
biringanya isiyolala siku tatu, husema,
ni mboga tu, haijawa kitafunio.

Mapishi hapa hayapo. Mwenye kisu na subira
amekwisha kupika.

Vinywaji navyo si elimu ya chuo kikuu.
Vermuti nyekundu, vidole viwili.
Barafu. Ganda la chungwa, ulikamue juu ya glasi
mpaka harufu ikutie chafya.
Halafu sifoni ya soda, ile ya kioo cha buluu
niliyorithi kwa shangazi Eduvigis,
inayokoroma kama mzee aliyeamshwa.

Glasi tano, basi, ni kazi ya dakika mbili.
Glasi ya sita imenichukua wiki tatu.

Kwa maana Delfor ameacha.
Hakupiga mbiu.
Machi alishika glasi yake usiku kucha
kama ashikaye mkono wa mgonjwa;
alipoondoka niliikuta nyuma ya chungu cha mnanaa,
imejaa, barafu imeyeyuka.
Aprili alisema ana mafua.
Mei binti yake alinipigia simu. Sitasimulia.

Miaka kumi na tisa tulisimama mashine moja ya chapa,
wino mpaka kwenye kope.
Kiwanda kilipofungwa, yeye ndiye aliyezima taa.
Mtu kama huyo humpi maji ya bomba mbele za watu,
wala juisi ya mtoto yenye mrija.

Nikajaribu. Chai nyeusi iliyochemka mno:
ladha ya hospitali.
Balungi peke yake: lilinifokea.
Jaribio la tano Nélida alilionja, akanitazama
kama mtu atafutaye namba ya daktari.
Mwishowe chai, ganda la balungi, karafuu nne,
sukari iliyounguzwa mpaka ikakaribia kujuta,
na tone la siki ya biringanya. Ndiyo, ile ile.
Rangi ikaja yenyewe,
rangi ya vermuti hasa, uongo wenye thawabu.

Saa tatu usiku. Wanaingia na makoti na kelele.
Glasi sita, sinia moja, maganda sita.
Yake ina ufa mdogo kitakoni, naujua mimi tu.
Nampa mkononi.

Ananusa. Ananitazama.
Mimi natafuta vijiti vya meno
mahali ambapo havijawahi kuwekwa.
"Ireneo," anasema, "ni kichungu."
"Ni kichungu," nasema.
"Kichungu kizuri."
Anakunywa. Anachukua zeituni.

Basi. Hakuna anayetoa hotuba.
Osvaldo na Ponciano wanagombania bei ya nyama
huku wakimaliza salami yote,
na saa tano na nusu Zulema,
asiyeacha kitu kipite bila kukionja,
anachukua glasi ya Delfor kwa makosa, anashusha nusu,
kisha anauliza, sauti ya kusikika mtaani,
kwa nini huyu huwekewa iliyo tamu kuliko zetu.

Kimya. Sifoni yenyewe imebana pumzi.
Delfor ndiye anayecheka kwanza,
kicheko cha kiwandani, cha kushinda mashine.

Usiku wa manane nawasindikiza mpaka mlangoni.
Wanashuka wakihesabu ngazi.
Kutoka ghorofa ya pili, bila kugeuka, ananiita:
"Mwezi ujao," anasema,
"punguza karafuu."