Mhojiwa wa Arobaini na Moja

Kamati ya maadili ilikaa Tbilisi, ghorofa ya tatu,
ikala mikate ya jibini, ikapiga muhuri:
Utafiti huu hauna madhara.
Wino wa zambarau ulikuwa bado mbichi
nilipoikunja barua.

Siku nne baadaye niko Chiatura,
mji wa machimbo uliong'ang'ania kuta za korongo,
ambako theluji huanza safari nyeupe
na kufika chini imekwisha kula masizi.
Lifti mbovu. Ghorofa ya nane. Mlango wa kijani.
Kura ya kompyuta ndiyo iliyonituma:
kila mlango wa tano,
na humo ndani, yule ambaye siku yake ya kuzaliwa
imekaribia zaidi.

Alifungua bibi mwenye unga viganjani.
Nikamsomea kama alivyonifunza Otari, msimamizi wetu,
polepole, bila kuruka neno:
kwamba ni hiari yake,
kwamba anaweza kulipita swali, anaweza kuniacha njiani,
hatadaiwa kitu,
na jina lake halitajulikana na mtu.
Kisha nikampa kalamu.
Andika jina lako hapa.

Akacheka mpaka unga ukapeperuka.
"Binti, rudia hapo kwenye jina."
Nikarudia.
"Halitajulikana?"
Halitajulikana.
"Ndiyo maana unalitaka."

Kitabu chetu cha mafunzo, ukurasa wa kumi na mbili,
kina jibu la kila pingamizi
isipokuwa kicheko.

Akaishika fomu, akaitazama kwa mbali,
akanirudishia, akaweka birika.
Baba yake, Vazha, alikuwa na mwandiko mzuri,
saini yenye mkia mrefu kama wa mbweha.
Akaja machimboni mtu mwenye viatu vizuri
kuuliza watu wanayaonaje maisha.
Kwa siri, ndugu. Kwa ajili ya takwimu tu.
Vazha akaeleza habari za mkate. Akatia saini.
Miaka sita.
Aliporudi hakushika kalamu tena,
hata orodha ya sokoni alimwagiza mtoto,
"na mtoto mwenyewe ni mimi."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.
Wa kwangu ulikuwa na muhuri.

Nikaifunika kalamu.
Hapo ndipo aliposema.
Meya, mishahara, vumbi la mtoni, mapadri na magari yao,
mwanawe aliyeko Poland anayepiga simu Jumapili akidanganya kwamba anakula vizuri:
maswali yangu thelathini na mawili yote aliyajibu
nami sikuuliza hata moja.
Nilikunywa chai glasi tatu. Nilibanja jozi
mpaka maganda yakafunika kitambaa cha meza.

"Sasa utaandika nini?"
Nitaandika kwamba umekataa.
Akayatazama maganda.
"Nimekataa," akasema, kama anayejaribu kofia dukani.
"Haya. Hilo andika."

Jioni, hotelini, Otari alizihesabu fomu akiguna;
waliokataa wamezidi, Tbilisi watalalamika.
Akasita kwenye ya arobaini na moja.
Mstari wa saini ulikuwa na alama ya dole gumba, nyeupe,
mistari yake yote ikionekana.
"Na hii? Hii si ridhaa?"

Nikaichukua karatasi mkononi mwake.
Nikaipuliza.