Miguu ya M

Naryn, mwezi wa pili. Jiko la makaa linakohoa kuliko watoto.
Naandika ubaoni kwa mwandiko wa kuunganisha,
chaki isinyanyuke, kama alivyotufunza Mwalimu Sabira
aliyetuchapa rula vidoleni kila tulipopumzika katikati ya neno.
"Neno ni pumzi moja," alikuwa akisema. "Ukiikata, unazama."

Leo maneno ya Kiingereza ni sita:
ng'ombe, anachokula, anachotoa,
mahali alalapo, na ndama wake.
La mwisho ni jepesi, zawadi yangu kwao: mlio wake.
M ya vilima, duara, duara.
"moo"
Nikageuka. "Nani atasoma?"

Akasimama Baiel. Ana miaka minane,
kiangazi chote huwa juu malishoni na kondoo wa babu yake,
na Kiingereza kwake bado ni kiatu cha kaka.
Akatazama. Akafikiri. Akasema kwa Kikirgizi, kwa sauti kamili:
"Mlima."

Darasa likaangua kicheko.
Aizirek wa dawati la mbele, ajuaye kila kitu,
alicheka hadi kofia ya sufu ikamdondoka.
Nami nilitaka kusema hapana,
mdomo ulikwisha funguka,
ndipo nikautazama ubao kwa macho yake.

Maana sisi, T yetu ya mkono ina miguu mitatu.
Kitabuni husimama kama msumari,
daftarini hujikunja, ikawa M ya Waingereza,
huwezi kuwatenga hao wawili hata kwa miwani.
T, o, o. "Too." Ndivyo tuuitavyo mlima,
huo hapo, unaoziba dirisha la tatu mpaka saa nne asubuhi.
Mtoto hakukosea. Alisoma kilichoandikwa,
ila aliusoma mkono wa nyumbani.

Miaka kumi na tisa nafundisha. Sikuwahi kuliona.

Nikawaambia: "Neno hili lina milango miwili.
Ukiingilia huku unamkuta ng'ombe, ukiingilia kule, mlima."
Aizirek akanyoosha kidole:
"Mtihani utaingilia wapi?"
Ah, Aizirek.

Ijumaa, imla. Sita ya wiki, na la saba la nyongeza,
mlima wenyewe, kwa Kiingereza: "mountain",
refu, halina pa kuketi.
Wengi waliinua kalamu mara tatu, mara nne,
neno likabaki vipande kama daraja baada ya mafuriko.
La Baiel lilikwenda bila kupumua, limeinama mbele,
vokali mbili zimebadilishana viti,
nukta ya i imetua juu ya n,
na ile M... nikahesabu kwa ncha ya kalamu nyekundu:
mmoja, miwili, mitatu, minne.

"Baiel, M ina miguu mingapi?"
"Mitatu, mwalimu."
"Na hii yako?"
Akaiangalia, hakuona haya.
"Hii inapanda," akasema. "Mitatu haitoshi."

Nikampa sita na nusu.
Aizirek, mwenye saba zake kamili,
mpaka leo ananidai maelezo ya ile nusu.