Nusu Gramu

Mwaka wa kwanza Gobnait aliunguza mchuzi mara tisa.
Mwalimu hakukemea. Aliandika ubaoni:
nyuzi sitini na mbili, ute wa yai huanza kushikana;
yaliyobaki ni pupa yako.

Mvua ya Cork ikipiga vioo vya maabara,
akajifunza kwa nini siagi hukubali maji,
kwa nini mkate hulia ukitoka tanuri.

Baba yake, mkaanga chipsi wa Shandon,
alicheka hadi akakohoa:
"Digrii ya kuchemsha maji!"

Wenzake walitawanyika.
Fiachra yuko melini, anawapikia matajiri wasiomaliza sahani.
Eithne anaonja biskuti kiwandani: hutafuna, hutema, huandika namba.
Yule aliyeongoza darasa anauza bima.

Gobnait yuko hospitali, jiko lisilo na dirisha.
Anasaga karoti ikawa uji,
kisha anairudishia umbo la karoti
kwa watu ambao koo limesahau kazi.

Kitanda cha nne, tangu kiharusi,
baba yake anafumba macho.
Anameza.
"Chumvi," anasema,
neno la kwanza tangu Januari.

Binti anachomoa kalamu sikioni:
chumvi,
ongeza nusu gramu.