Kifungu cha Tisa

Baba alikuwa karani wa mabehewa, Butere,
mwisho wa reli,
pale chuma kinapoingia nyasini kikanyamaza.
Daftari lake lilikuwa na safu nne:
namba, limeingia, limetoka, la nani.
Safu ya mwisho ndiyo iliyomkosesha usingizi.

Maana tawi letu halikuwa na behewa hata moja la kwake.
Tulikuwa na mizani, kengele,
na magunia mia sita ya mahindi ya kina Amukowa
chini ya turubai la kuazima.
Mabehewa yalikuwa Kisumu,
na kiwanda cha sukari kilijua kuwahi.

Mkataba ulining'inia ukutani kwa pini yenye kutu:
*Njia kuu itaipa njia inayoungana nayo
mabehewa kwa kadiri ya shehena,
pasipo kuchagua mwenye mzigo.*
Kifungu cha tisa. Baba alikipigia mstari mwekundu
mpaka karatasi ikatoboka.

Barua tatu hazikujibiwa. Ya nne akaitia vina:

*Bwana mkuu wa yadi, nakuandikia tena,
mabehewa ni ahadi, si hisani ya mabwana,
kumi na moja idadi, matupu nimeyaona;
Butere tunayo mvua, paa hatuna, hatuna.*

Yadi nzima ilicheka, tuliambiwa.
Ogweno, mkuu wao, aliisoma kwa sauti akinywa chai,
akafika "hatuna, hatuna",
akaweka kikombe chini.

Sitasema alitubu. Alileta mawili.
Moja mlango ulikataa kufunga. La pili lilijaa vumbi la saruji,
hata baba akasema ugali wa Nakuru mwezi ule
ungeweza kujengea choo.
Magunia mia nne yaliondoka.
Mia mbili yaliota,
kijani kikichungulia katika nyuzi za katani,
shehena imechoka kungoja, imeamua kuwa shamba.

Mabehewa yaliporudi, Amukowa alitaka tuyafiche nyuma ya ghala.
"Mawili tu, Karani. Wao wana mangapi?"
Baba hakumjibu. Alichukua chaki,
akaandika ubavuni mwa kila moja, kwa herufi za shule:
RUDISHA KISUMU.
Amukowa hakumsalimia hadi Krismasi.

Yale yaliyoota mama aliyapanda kando ya reli.
Yalizaa kupita kiasi.
Mwaka uliofuata
tukahitaji behewa.